Maji Niliyoyatia Mimi

Habari ya kifo cha Mutiso niliipata asubuhi, nikiwa nafungua duka langu la dawa za mifugo pale Kisaju. Sisi tuliowahi kufanya kazi kwenye gesti ya Mzee Parmuat mjini Kitengela tuna kikundi cha WhatsApp, kikundi kisicho na shughuli nyingi ila kutangaza harusi na misiba. Mmoja wetu aliandika kwamba Mutiso wa samaki amefariki Kajiado, moyo ulisimama akiwa kazini, na mazishi yatakuwa kwao Ukambani. Watu wakaanza kutoa pole. Kisha yule aliyekuwa mpishi wetu akaandika kwamba Mutiso alikuwa mtu mzuri sana, ingawa alimuulia mzee samaki wake. Chini ya maneno hayo watu wakaweka vicheko, si vicheko vya ubaya, vile tu ambavyo watu hucheka wakikumbuka mambo ya zamani. Nilisimama na ufunguo mkononi. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Mashuuru kutafuta dawa ya kupe alikuwa akingoja kwa heshima nimalize kusoma, nami nikamuuzia dawa ya minyoo, akairudisha saa sita mchana. Miaka ishirini na miwili imepita na bado wanasema Mutiso ndiye aliyewaua samaki wale. Wanasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifika Kitengela na mkoba mmoja, nikapewa kazi ya kusaidia jikoni, na chumba kidogo nyuma ya gesti ambacho nilikigawana na magunia ya viazi. Kitengela ya wakati huo bado ilikuwa na nafasi. Ukisimama mlango wa nyuma uliona punda milia wakila nyasi ng'ambo ya ua, na ukisimama mlango wa mbele uliona malori ya simiti kwenye barabara ya Namanga, na vumbi lake lililoingia hadi kwenye sukari. Kila siku walikuja wapima ardhi na wanunuzi wa viwanja, wakala chipsi na nyama huku wametandaza ramani juu ya meza, wakibishana kuhusu mahali ambapo barabara itapita. Nilikuwa nikiwapelekea chakula na kusikia majina ya mashamba ya watu niliowajua, yakitajwa kwa namba. Lakini kitu ambacho kila mgeni alikitazama kwanza, kabla hata ya kuuliza kuna nini jikoni, kilikuwa ukutani upande wa kushoto: tangi la kioo refu kama kitanda, lenye taa juu yake na pampu iliyonguruma mchana kutwa, na ndani yake samaki sita wa bahari. Wawili walikuwa wadogo, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Mmoja alikuwa wa manjano tupu, bapa kama kiganja. Wawili wa buluu walikuwa hawapatani kamwe. Na mmoja alikuwa mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mrefu kana kwamba anataka kukunong'onezea.

Mzee Parmuat alikuwa Mmaasai wa Rombo aliyeingia jeshi la majini akiwa kijana, jambo ambalo wenzake walilichukulia kama kichaa. Alikaa Mombasa miaka mingi, na alipostaafu akarudi bara, akajenga gesti, akaanza kuitamani bahari. Aliagiza tangi lile na samaki wake kutoka pwani kabla hajapatwa na kiharusi. Nilipofika mimi, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yamemwisha, yamebaki mawili matatu ambayo ni mkewe pekee aliyeyaelewa. Kila siku saa kumi alasiri Mama Sein, mkewe, alimleta kwenye kiti chake mbele ya kioo. Nami nilikuwa nikimwinamishia kichwa kama sisi Wamaasai tulivyofunzwa kumsalimu mzee, naye ananigusa utosini kwa mkono wa kushoto, mkono uliokuwa mzima. Kisha anawatazama samaki hadi taa za barabarani ziwake. Mama Sein aliniambia mara moja, tukichambua mchele, kwamba daktari alisema mzee asikasirike, asile chumvi, na apewe kitu cha kupenda. Alisema kitu cha kupenda ni hicho tu, hata yeye mwenyewe hakufika pale.

Mutiso ndiye aliyewatunza. Alikuwa mtu wa kama miaka arobaini, mwembamba, mwenye shati lililokuwa na madoa meupe ya chumvi kwenye mikono. Alikuwa amefanya kazi pwani na watu wanaovua samaki wa mapambo na kuwasafirisha ng'ambo, na mzee alimtafuta hadi akampata. Mutiso alikuwa anaongea. Sijawahi kukutana na mtu aliyeongea kama yule, na si porojo, alieleza vitu. Akinywa chai alieleza kwa nini chai ya Kitengela inakatika: maji ya kisima yana chumvi, na ndiyo sababu Mama Sein alinunua maji ya chai kwa mitungi. Akiona mtoto wa mjini akicheka alieleza kwa nini meno yake yamekuwa ya rangi ya kahawia, kwamba ni maji yale yale. Mpishi alikuwa akimwambia anyamaze kidogo watu wapate kula. Yeye anasema sawa, anakula vijiko viwili, anaanza tena. Mimi nilimpenda kwa sababu alinieleza kana kwamba nami nitahitaji kujua. Hakuna mtu mwingine Kitengela aliyekuwa akifikiria kwamba ninahitaji kujua chochote zaidi ya kumenya viazi.

Viazi ndivyo alivyotumia siku aliyonieleza habari ya samaki. Nilikuwa nimemuuliza, kwa vile nilikuwa nimeshapewa kazi ya kumsaidia kubadilisha maji, kwa nini tunajisumbua kuchanganya chumvi ile iliyoletwa kwa magunia kutoka Nairobi, tuipime, tuiache usiku kucha kwenye pipa, badala ya kufungua mfereji. Samaki ni samaki, nilisema, na maji ni maji. Alichukua vipande viwili vya kiazi nilivyokuwa nimekata, akakitia kimoja kwenye kikombe cha maji ya kununua, kingine kwenye kikombe cha maji ya chumvi nyingi, akaniambia nimalize kazi yangu kwanza. Baada ya saa moja hivi alinipa nivishike. Kile cha maji matamu kilikuwa kigumu, kimejaa, ukikikunja kinavunjika. Kile cha chumvi kilikuwa kimelegea kama kipande cha ngozi.

"Chumvi inavuta maji," aliniambia. "Hiyo tu ndiyo siri. Sasa, samaki wa bahari, damu yake iko na chumvi kidogo kuliko bahari. Kwa hivyo bahari inamnyonya saa zote, inamkausha kama hicho kiazi. Anafanya nini? Anakunywa. Kutwa anakunywa, na ile chumvi ameimeza anaitoa kwa matamvua, yale mekundu unaona yanafunguka hapa kando ya kichwa. Kukojoa anakojoa kidogo sana, hataki kupoteza maji. Mwili wake umejengwa hivyo. Sasa mtu amchukue amtie kwa maji matamu. Mambo yamegeuka. Damu yake ndiyo iko na chumvi kushinda nje, kwa hivyo maji yanaingia yenyewe, kwa matamvua, kwa ngozi, na yeye hajui kuyakataa. Figo zake hazijui kazi hiyo. Anavimba kutoka ndani, na chumvi yake inatoka inapotea. Samaki wa ziwa anaweza, amezaliwa akikojoa mchana kutwa na hanywi. Huyu hawezi. Huyu anafia maji akiwa ndani ya maji."

Nilimuuliza, na hapa ndipo ningependa kumbukumbu yangu iwe na shimo, kama maji ya kisima ya Kitengela hayangefaa, maana yana chumvi na kila mtu analalamika. Ningependa kuandika kwamba hakunijibu, au kwamba aliitwa kabla hajajibu. Alinijibu. Alitoa kipimo chake, kijiti cha kioo chenye uzito chini ambacho huelea juu kwenye maji ya bahari, akakitia kwenye ndoo ya maji ya kisima. Kilizama hadi kikagonga chini. Akasema chumvi ya Kitengela inatosha kuharibu chai, haitoshi kuweka samaki hai. Kwa samaki haya ni maji matamu tu. Nilikisikia kijiti kikigonga ndoo. Lakini aliongea mengi siku hiyo, na nilikuwa na gunia la viazi mbele yangu, na neno hilo likaenda likakaa pamoja na mengine yote aliyoniambia mwaka ule, kuhusu mwezi na maji kupwa, kuhusu jinsi wale wawili wa rangi ya chungwa wanavyochagua nani awe jike.

Mwezi wa nane Mutiso alikwenda kwao kwa harusi ya mdogo wake, siku nne. Aliniachia pipa la maji yaliyochanganywa tayari, ya kutosha kubadilisha ndoo mbili kila siku, na aliniandikia maagizo kwenye karatasi ingawa alikuwa ameshayasema mara tatu. Siku ya kwanza nilifanya vizuri. Siku ya pili, Ijumaa, nilitia mpira ndani ya tangi na kuuvuta kwa mdomo kama alivyonionyesha, lakini badala ya kuuelekeza kwenye ndoo, nilipitisha ncha yake dirishani iende kwenye mtaro, kwa sababu ndoo zilikuwa nzito na hakuna aliyekuwa akiniona. Nilikuwa nihesabu dakika chache kisha niufunge. Ndipo wakaingia wapima ardhi kumi na sita kwa mara moja, na Mama Sein akaniita. Nilikaanga chipsi, nikakata kachumbari, nikabeba sahani, nikarudi kukaanga tena. Tangi lilikuwa nyuma ya migongo ya watu wale na ramani zao, na kama kuna mmoja aliyeona maji yakishuka, labda alidhani ndivyo inavyofanywa. Walipoondoka nilikwenda kupangusa meza. Maji yalikuwa yamebaki kiasi cha shubiri moja. Samaki wa manjano alikuwa amelala ubavu kwa kukosa nafasi ya kusimama, na wengine wamejikusanya kwenye kona, migongo yao karibu kutokea juu.

Pipa lilikuwa na ndoo sita. Tangi lilihitaji zaidi ya ishirini. Chumvi ya gunia ilikuwepo stoo, nusu gunia, na ningeweza kuikoroga haraka haraka hata kama si sahihi. Baadaye nilisoma kwamba hiyo ingewapa nafasi. Ningeweza pia kuwaacha kwenye maji yale machache na yale ya pipa hadi kesho yake, pampu ikiendelea kuwapa hewa. Ningeweza kumwambia Mama Sein, naye angempigia Mutiso simu. Lakini ilikuwa saa tisa na nusu, na saa kumi mzee angeletwa kwenye kiti chake, na nilichotaka, ninalikumbuka jambo hili vizuri kuliko sura ya mama yangu siku ile niliyoondoka nyumbani, ni kwamba tangi lionekane limejaa. Nilimimina ndoo sita za pipa kwenye beseni za jikoni nikasuuza nazo sakafu, ili pipa lionekane limetumika, maana kuzibeba hadi kwenye tangi kungenichelewesha. Sijui ni akili gani iliyonifanya nifikirie hilo kabla ya kuwafikiria samaki. Kisha nikafunga mpira kwenye mfereji wa kisima, nikaonja maji kwanza. Yalikuwa na chumvi. Nilijiambia kwa sauti kwamba yana chumvi, nikafungulia.

Kwa dakika za kwanza walionekana kufurahi. Walitoka kwenye kona wakaogelea hadi juu, wenye mistari wakazunguka jiwe lao. Mama Sein alimleta mzee, nikainamisha kichwa, akanigusa. Nilimletea uji wake na sahani ya ugali na maziwa, nikaweka mezani, nikasimama nyuma ya kiti nikijifanya ninapanga vijiko. Yule mweusi kwa mweupe alianza. Aliogelea kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, mdomo ukigonga kioo, kisha matamvua yake yakaanza kufunguka haraka haraka sana. Wa buluu waliacha kufukuzana. Wa manjano aligeuka rangi. Sikujua kwamba samaki anaweza kupauka mbele ya macho yako. Mzee alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama samaki, kisha akatazama juu kwenye ukingo wa maji, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mwanajeshi wa majini miaka mingi kuliko niliyoishi mimi duniani. Alijua. Akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, akakishika kichupa cha chumvi, akakisukuma kuja kwangu.

Sikukichukua. Akakisukuma tena, akakigonga mezani, akatoa sauti kooni, akaonyesha kioo kwa kidole. Mama Sein alitoka jikoni akauliza kuna nini. Mzee akakiinua kichupa kumwonyesha, chumvi ikimwagikia uji.

"Anataka chumvi," nilisema.

Mama Sein akasikitika, akamwambia kwa Kimaa, kwa sauti ya kumbembeleza, kwamba daktari amekataza. Akaniambia nikiondoe kichupa pale. Nilikiondoa. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja, kwa maana alikuwa amekishika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na wakati ninafanya hivyo hakuacha kunitazama usoni. Nimeshika mikono ya watu wengi tangu siku ile, ya watoto wangu wakizaliwa, ya baba yangu akifa, na bado vidole ninavyovihisi nikiwa peke yangu ni vile. Nilibeba kichupa hadi jikoni nikakiweka juu ya kabati nyuma ya masufuria. Jua lilipokuwa linazama, wa kwanza alikuwa ameelea juu. Asubuhi walikuwa wote sita, matumbo yamevimba, macho yametokeza, na Mama Sein alisimama mbele ya tangi na kanga mdomoni akiuliza nani atamwambia mzee. Hakujua kwamba mzee alikuwa ameona yote.

Mutiso alirudi Jumatatu saa nne asubuhi, na vipande vya keki ya harusi ndani ya karatasi kwa ajili yetu. Hakuna aliyemwandaa. Aliingia, akaliona tangi tupu lenye maji na mawe, akaweka karatasi ile juu ya meza polepole sana. Akatoa kijiti chake mfukoni, akakitia. Kilizama moja kwa moja. Sote tulikuwa pale: Mama Sein, mpishi, wasichana wawili wa vyumba, na mzee ambaye siku hiyo alikuwa ameomba kwa ishara aletwe mapema. Mama Sein alimuuliza samaki wamekufa na nini. Mutiso akasema maji haya si ya bahari, haya ni matamu. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Naserian, uliongeza maji gani?"

"Ile uliacha kwa pipa," nikasema. "Hiyo tu."

Niliongeza, bila kuulizwa, kwamba nilikuwa nimeona kama ina chumvi kidogo kuliko siku zingine, lakini sikutaka kubishana na mtu anayejua kazi. Hilo la pili ndilo lililomaliza. Mama Sein alienda akalifunua pipa, akalikuta tupu, akarudi akasema basi ni Mutiso mwenyewe aliyeyachanganya maji vibaya kwa haraka ya kwenda harusini. Mzee alianza kugonga mguu wa kiti kwa mkono wake, akitoa ile sauti, na Mama Sein alidhani ni hasira kwa Mutiso, akamsihi Mutiso atoke kabla mzee hajapatwa na kiharusi kingine. Mutiso aliendelea kunitazama. Angeweza kwenda kwenye mfereji akapima maji ya kisima mbele ya wote. Angeweza kuuliza kwa nini mpira ulikuwa bado umefungwa pale. Alijua kila kitu, nina uhakika alijua, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakueleza chochote. Alikusanya vipimo vyake na wavu wake mdogo, akamwendea mzee, akainama, akakaa ameinama hivyo kwa muda. Mzee akamgusa kichwani. Mutiso ni Mkamba, hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Kisha akatoka. Keki aliiacha, na hatukuila.

Mzee Parmuat hakurudi tena kwenye kile kiti. Alasiri ikifika Mama Sein alimtoa nje akakaa kutazama malori, na kila nilipomwinamishia kichwa alikuwa akitazama pembeni, mkono wake umelala pajani. Tangi liliwekwa maua ya plastiki. Kabla ya Krismasi walimpeleka kwao Rombo, na mvua za mwaka uliofuata hakuziona. Mimi niliondoka mwezi wa kwanza. Hakuna aliyenifukuza, na nadhani nilikuwa nikingoja nifukuzwe. Miaka kadhaa baadaye nilisikia kwamba Mutiso anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kajiado. Kazi yangu ya dawa hunipeleka Kajiado kila wiki, na nilimwona si chini ya mara kumi, akipima mabati, akipakia simiti kwenye mkokoteni, nywele zikizidi kuwa nyeupe. Kila mara nilivuka barabara. Mara moja tulikutana ana kwa ana kwenye mlango wa benki, akanisalimu, "Takwenya," kama anavyowasalimu wanawake wengine wote wa Kimaasai, nikamjibu, "Iko," nikapita. Sijui kama alinitambua. Nimejaribu kuamini kwamba hakunitambua.

Asubuhi ile ya vicheko niliandika kwenye kikundi. Niliandika yote, kuanzia mpira hadi pipa hadi kichupa cha chumvi, nikatuma kabla sijaogopa. Mama Sein hayumo humo, alishafariki. Kisha mpishi akaandika kwamba hayo ni ya kitambo, sote tulikuwa watoto, tusonge mbele. Wengine wakaafikiana naye, na mmoja akauliza mchango wa mazishi unatumwa kwa nani. Niliona kwamba nimekiri kwa watu ambao hawakupoteza chochote. Mazishini sikwenda, sikuwa na uso. Nilingoja wiki mbili, nikaulizia pale dukani alikokuwa akifanya kazi, wakanielekeza kwenye nyumba aliyokuwa amepanga nyuma ya soko la mifugo, wakaniambia binti yake Mwende yupo, amekuja kuondoa vitu.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu, mwembamba kama baba yake. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimefungwa tayari, mashati yamekunjwa ndani ya katoni. Alinipa stuli, akapika chai kwenye jiko la gesi lililowekwa sakafuni, akaniuliza nilimfahamu marehemu wapi. Nikasema tulifanya kazi pamoja Kitengela, nyakati zile za samaki.

"Samaki gani?" akauliza.

Nilidhani anataka niseme ni wa aina gani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hajui. Alikuwa na miaka minne mwaka ule. Alijua baba yake aliwahi kufanya kazi hotelini, na kabla ya hapo pwani, kazi fulani ya kubeba vitu. Hakujua zaidi. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya toba yamepangwa, na sikuweza kuyatumia, maana nisingeweza kumwambia nilichomharibia baba yake kabla sijamwambia baba yake alikuwa nani. Kwa hivyo nilianza na tangi. Nilimweleza samaki sita na rangi zao, kiazi, damu na chumvi, jinsi samaki wa bahari anavyokunywa na wa ziwa anavyokojoa, nikitumia maneno ya Mutiso kadiri nilivyoyakumbuka, na niliyakumbuka karibu yote. Kisha nikamwambia Ijumaa ile, na Jumatatu. Sikupunguza. Alisikiliza ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Alikuwa anaongea hivyo?" akauliza nilipomaliza. "Vyote hivyo, na hajaulizwa?"

Nikasema ndiyo, hata akiambiwa anyamaze watu wapate kula.

"Sisi baba yetu hakuwa anaongea," alisema. "Akitoka kazi anakula, anaosha mikono, anakaa. Ukimuuliza kitu anasema, uliza mwalimu wako. Mama alisema ndivyo alivyoumbwa."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Alifikiria jambo hilo bila chuki, kama mtu anayepewa mzigo akaangalia kama ni wake. Akasema hawezi kunipa kitu ambacho hakuachiwa. Kisha akaniomba nimweleze tena ile sehemu ya kiazi na damu, polepole, vile alivyoisema yeye. Nilimweleza. Alipotosheka alirudi kwenye mashati akaendelea kukunja, na nikaona mazungumzo yamekwisha. Niliinuka, nikamshukuru kwa chai. Hakunifukuza, wala hakunisindikiza. Niliufungua mlango mwenyewe, nikaufunga nyuma yangu.